Mwili huokolewa kwa siku moja, akili huchukua miaka

MPENZI msomaji, tuseme umemkuta mtu amelala kichakani, hana nguvu hata za kuinua mkono, na siku nyingi zimepita hajatia kitu kinywani. Umembeba, umemfikisha mahali salama, umempa kitanda na umemwekea uji wa moto. Utatarajia nini? Bila shaka utatarajia aupokee uji huo kwa mikono miwili na akuombee dua.

Mwezi wa Juni 2023, katika kituo kimoja cha uokozi huko Mtwapa, mwendo mfupi tu kutoka kisiwa chetu cha Mombasa, mambo yalikwenda kinyume. Watu 65 waliokuwa wametolewa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, walipowekewa chakula walikikataa. Hapakuwa na mhubiri aliyewasimamia, wala hapakuwa na msitu wa kuwafungia. Waliokuwa karibu nao ni watu waliowasihi wale wapate kuishi. Hata hivyo waliendelea kufunga, mpaka wakafikishwa mbele ya mahakama ya Shanzu na kushtakiwa kwa kosa la kujaribu kujiua.

Wengi wetu tuliposikia habari ile tulitikisa vichwa. Barazani, ndani ya matatu na kwenye foleni za benki ulisikia watu wakisema, "Hao wameshakuwa wazimu, waacheni." Huenda hata wewe uliyasema maneno hayo. Leo tunakuomba utazame tena. Watu wale hawakuwa wajinga kuliko wewe na mimi. Miili yao ilikuwa imetolewa msituni, lakini akili zao zilikuwa bado huko. Ni vyema kulijua jambo hili mapema, kwani siku mtu wa nyumbani kwako atakaporudi kutoka katika kundi la namna hiyo, kazi ya kumrudisha ndiyo kwanza itakuwa imeanza.

YALIYOTOKEA SHAKAHOLA

Tukumbushane kwa ufupi. Paul Mackenzie alikuwa dereva wa teksi mjini Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake, Good News International, mwaka wa 2003. Kadiri miaka ilivyosonga mahubiri yake yalizidi kuwa makali. Shule ziliitwa za shetani, hospitali zikakatazwa, na usajili wa Huduma Namba ambao serikali iliuanzisha mwaka wa 2019 ukaitwa alama ya mnyama. Mwaka huohuo alilifunga kanisa lake la Malindi na kuhamia Shakahola, katika ardhi ya ekari zipatazo 800, na wafuasi wake wakamfuata na jamaa zao kutoka pembe nyingi za Kenya. Huko msituni waligawiwa vijiji vilivyopewa majina kutoka kwenye Biblia.

Aprili 2023 polisi waliingia msituni, na tarehe 21 ya mwezi huo kazi ya kufukua makaburi ikaanza. Zaidi ya miili 400 ilitolewa, watoto wakiwa wengi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, ingawa baadhi yao, wakiwemo watoto, walikuwa na alama za kunyongwa au kupigwa. Jamaa waliofika Malindi kuwatafuta watu wao waliandikisha majina ya zaidi ya watu 600 waliopotea.

Tangu Januari 2024 sehemu kubwa ya kesi hizo imeletwa hapa kwetu. Katika mahakama ya watoto ya Tononoka, kisiwani, Mackenzie na wenzake walisomewa mashtaka ya ukatili dhidi ya watoto. Mashtaka mengine yaliyofunguliwa Mombasa na Malindi ni ya kuua watu 238 bila kukusudia, kuua watoto 191 kwa kukusudia, na ugaidi. Washtakiwa walikana mashtaka yote. Hukumu ni kazi ya mahakama, si ya gazeti. Linalotuhusu sisi ni swali ambalo hakimu hawezi kulikata: mtu mzima mwenye akili zake hufikaje pale, na baada ya kufika hutokaje?

BANDU BANDU HUISHA GOGO

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: hakuna mtu anayejiunga na kundi la kufa. Mtu hujiunga na kikundi cha maombi, darasa la dini au jamaa ya ndugu wanaopendana. Kifo hakitajwi siku hiyo.

Hebu tuchukue mfano wa kijana aliyetoka bara kuja kusoma hapa kisiwani. Amepanga chumba Tudor, hana ndugu wala jamaa, fedha za matumizi hazitoshi, na mtihani wa kwanza umemshinda. Jioni moja anakutana na watu wanaomwita kwa jina lake. Wanamletea chakula akiugua. Wanamsikiliza. Je, wewe ungekuwa yeye ungewafukuza? Wanasaikolojia wanasema kwamba watu hunaswa zaidi wakati maisha yamekatika mahali fulani, kwa mfano wamefiwa, wamepewa talaka, wamepoteza kazi au wamehamia mji wa ugenini. Si suala la akili ndogo. Ni suala la moyo uliobaki wazi.

Baada ya hapo kazi hufanywa bandu bandu. Kwanza anaambiwa aache muziki. Si kitu, muziki si chakula. Kisha aache gazeti na televisheni, kwani habari za dunia zinachafua roho. Kisha marafiki wa zamani, kwa kuwa "hawajaona nuru". Kisha masomo, kisha dawa, kisha wazazi. Kila hatua ni ndogo ikilinganishwa na ile iliyotangulia, na kila hatua humkatia kamba moja iliyokuwa ikimfunga na watu ambao wangeweza kumwambia, "Ngoja kwanza, hili si sawa." Atakapofikia hatua ya mwisho hana tena wa kumuuliza.

Mtaalamu wa Marekani Robert Jay Lifton, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1961 juu ya watu waliopitishwa katika mafunzo ya kubadilishwa fikra nchini Uchina, alitaja alama 8 za mahali panapotawala akili za watu. Ya kwanza ni kuyadhibiti mawasiliano yote: mtu anachosikia, anachosoma, anaozungumza nao na hata anayojiambia mwenyewe moyoni. Wazee wetu walilisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Chungu aliyemo ndani ya kifuu si mpumbavu. Hajawahi kuonyeshwa bahari nyingine, au ameshasahau kwamba aliwahi kuiona.

HOFU, NJAA NA HASARA

Sasa tuingie ndani ya kichwa cha mtu huyo tuone kinachomshikilia. Mambo makubwa ni matatu.

La kwanza ni hofu. Mfuasi ameambiwa mara nyingi kwamba nje ya kundi kuna moto, ugonjwa na laana. Hofu hiyo huingia mwilini. Akifikiria kuondoka tu, moyo humwenda mbio, jasho humtoka, tumbo humkata. Naye huyachukua maumivu hayo kuwa ushahidi kwamba mhubiri alisema kweli: "Tazama, nimewaza kuasi na tayari naadhibiwa."

La pili ni njaa na usingizi mchache. Watu wengi hudhani kwamba mtu anafunga kwa sababu akili yake imeshatekwa. Ni kweli, lakini kinyume chake nacho ni kweli: akili hutekwa kwa urahisi zaidi mwili unapokuwa na njaa. Kati ya 1944 na 1945, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, kwa muda wa karibu miezi 6, hadi wakapoteza kama robo ya uzito wao. Walikuwa vijana imara na hawakuhubiriwa chochote. Hata hivyo walijawa na huzuni, walikasirika ovyo, walijitenga, hamu ya kila kitu iliwatoka, na mawazo yao yakabaki kwenye chakula tu. Kama njaa iliwafanya hivyo watu waliojua siku ambayo jaribio lingekwisha, seuze mama aliyeko msituni, ambaye haambiwi lini?

La tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni hasara. Mwaka wa 1957 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu hawezi kukaa kwa raha na mambo mawili yanayopingana kichwani mwake. Lazima moja lilegee. Wewe mwenyewe unalijua jambo hili. Ukinunua bidhaa kwa bei ghali kisha ukaambiwa ni mbovu, neno lako la kwanza huwa kuitetea. Sasa fikiria mtu ambaye hakutoa shilingi elfu mbili bali aliuza shamba, akaacha kazi, akamkana mamaye, na pengine akamzika mtoto wake mwenyewe akiamini amempeleka mbinguni. Kumwambia, "Ulidanganywa," ni kumwambia kwamba mtoto yule alikufa bure, na kwamba yeye alikuwapo. Ni nafsi gani itakayolibeba neno hilo kwa siku moja? Ni nafuu kwake kuendelea kuamini. Ni nafuu hata kukataa uji.

Hapo ndipo tunapowaelewa wale 65 wa Mtwapa. Kula kungekuwa ni kukiri.

SAUMU ISIYO NA MAGHARIBI

Pengine unajiuliza: je, dini zote si zinatutaka tujinyime? Swali zuri, na jibu lake unalo mlangoni, hasa ukiwa mkaazi wa Mji wa Kale.

Pita vichochoro vya Kibokoni mwezi wa Ramadhani saa kumi na moja jioni. Utakuta bhajia zinakaangwa, sambusa zimepangwa sinia kwa sinia, na watoto wametumwa tende. Mtaa mzima umefunga, na mtaa mzima unajiandaa kula. Adhana ya magharibi ikisikika, kila mmoja anafungua. Mgonjwa hakulazimishwa. Msafiri amepewa ruhusa. Mama mjamzito akihofia afya yake au ya mtoto tumboni hufungua akalipa baadaye. Mtoto mdogo anayefunga nusu siku hupongezwa na kupewa chakula chake cha mchana. Wakristo nao katika Kwaresima hujinyima wakijua kwamba Pasaka inakuja, na mgonjwa hatakiwi kuacha dawa.

Saumu ya imani yenye uhai ina magharibi yake. Ile ya Shakahola haikuwa nayo. Upande wa mashtaka umedai kwamba hata zamu ilipangwa: watoto watangulie, kisha wanawake, kisha wanaume, na kiongozi awe wa mwisho. Basi kipimo kimoja unachoweza kukitumia bila kuwa sheikh wala kasisi ni hiki: je, jambo hili lina mwisho, lina ruhusa kwa mnyonge, na je, anayeliamuru naye analifanya?

Kuna maswali mengine pia. Je, mfuasi anaruhusiwa kuuliza bila kuaibishwa? Anaruhusiwa kwenda harusi ya dada yake ambaye si wa kundi? Mwanawe akipata homa kali, anaruhusiwa kumpeleka hospitalini? Akiondoka, ataweza kusalimiana na wenzake njiani? Ukipata "la" katika mengi ya maswali hayo, fumbua macho.

Na usidhani kwamba maradhi haya ni ya dini moja au ya kaunti moja. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya kanisa ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Kabla ya hapo walikuwa wamekatazwa hata kuzungumza, wakawa wanaelewana kwa ishara. Katika nchi ya Guyana, tarehe 18 Novemba 1978, zaidi ya wafuasi 900 wa Mmarekani Jim Jones walikufa, wengi wao kwa sumu, na takriban 300 kati yao walikuwa watoto. Nasi hapa kisiwani tusijisahau. Katika miaka ya 2010 wako wazazi wa Majengo na mitaa mingine walioamka asubuhi wakakuta kitanda cha kijana wao ni kitupu, naye amevuka mpaka kuingia Somalia kupigania Al-Shabaab. Mafundisho yalikuwa tofauti kabisa, lakini ukiwasikiliza wazazi, ngazi zilikuwa zilezile: aliacha mpira, akaacha marafiki, akaanza kumkosoa baba yake, kisha akanyamaza.

BAADA YA KUOKOLEWA

Mtu akitoka katika kundi kama hilo, nyumbani hutarajiwa furaha. Mbuzi huchinjwa, jamaa hujaa sebuleni, kila mtu anataka kusikia. Wiki ya pili mambo hubadilika, na jamaa huanza kunong'ona kwamba hashukuru.

Ukweli ni kwamba mtu huyo amefiwa. Amepoteza rafiki zake wote kwa siku moja, amepoteza maana ya maisha, na amempoteza yule aliyekuwa akimwamulia kila jambo. Usishangae ukimkuta amesimama mbele ya nguo mbili na hajui avae ipi, kwani kwa miaka mingi hakuwahi kuchagua. Hukosa usingizi, au hulala akaamka kwa jinamizi. Wimbo mmoja au aya moja ya kitabu humrudisha kule kule, akaduwaa huku macho yako wazi. Huona haya kwa yale aliyoyaamini, na hujilaumu kwa wale aliowaalika mwenyewe. Baadhi hushikwa na sonona nzito hata wakatamani kufa. Wengine huchukia kila kinachoitwa dini, na wengine hutafuta haraka kundi jingine la kuwatawala, kwa kuwa uhuru unawatisha.

Watoto wana taabu yao. Mtoto aliyekulia humo hana "zamani" ya kurudia. Mtu mzima anaweza kukumbuka jinsi alivyokuwa kabla hajaingia, lakini yeye aliambiwa tangu utotoni kwamba daktari ni adui na mwalimu ni shetani. Ukimpeleka zahanati akapiga mayowe, si utundu. Mtoto aliyemwona ndugu yake akinyimwa maji na mtu aliyempenda hujifunza kuwa upendo ni kitu cha kuogopa. Huyo huhitaji miaka, na huhitaji mtu mmoja asiyebadilika, ambaye atakuwapo leo na kesho na keshokutwa.

Jamaa waliobaki nyumbani nao ni wagonjwa ambao hakuna anayewahesabu. Familia nyingi zilisubiri majibu ya vipimo vya DNA, na mazishi ya kwanza hayakuwezekana hadi mwishoni mwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya makaburi kufukuliwa. Wengine hawakupata mwili wa kuzika. Msiba usio na kaburi hauna arubaini. Mtu hubaki akitazama mlango.

UFANYE NINI?

Ikiwa wako bado yumo ndani ya kundi, usimkatie mawasiliano hata akikutukana. Viongozi wa makundi haya huwaambia wafuasi, "Jamaa zako watakutupa." Ukimtupa, umewasaidia. Mpigie simu ya idi, ya Krismasi na ya siku aliyozaliwa. Mpe habari za bibi, za paka na za mwembe wa uani. Usishindane naye kwa aya, maana kwa aya amefunzwa akafunzika, na kila ushindi wako utamrudisha kundini kwa hasira. Muulize habari za maisha yake: "Umekula? Umelala? Mguu uliokuwa ukikuuma umepona?" Huo ni mlango ambao hakuna aliyemfundisha kuufunga.

Lakini subira ina mpaka wake. Mtoto akinyimwa chakula, matibabu au shule, hilo si suala la imani tena, ni kosa la jinai. Ripoti kwa chifu, kwa ofisi ya watoto au kwa polisi, na ukipuuzwa rudi tena. Ripoti ya Machi 2024 ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliwalaumu maafisa wa usalama kwa kutozichukulia hatua taarifa walizopewa mapema kuhusu Shakahola. Mackenzie mwenyewe alikamatwa Machi 2023 kuhusiana na vifo vya watoto wawili na akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa. Simu 116 hupokea taarifa za watoto walio hatarini, na hailipishwi.

Ikiwa amerudi na alikuwa akifunga, mpeleke kwa daktari kabla hujamjazia sahani. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu ukishibishwa ghafla, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Hurudishwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Akili nayo hurudishwa hivyo hivyo. Usimwulize yote usiku wa kwanza, wala usimwalike mhubiri wako aje kumwombea mbele ya watu. Mpe mambo madogo ya kuchagua: chai ya maziwa au ya rangi, kutoka au kupumzika. Mruhusu aseme mazuri ya kundi bila kumkaripia, kwani huenda ni kweli kwamba huko alipendwa siku moja. Mtafutie mshauri nasaha au daktari wa maradhi ya akili katika hospitali ya umma. Simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu nayo hutoa ushauri bila malipo. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata dakika moja.

Wala usiogope kwamba kuomba msaada kutampeleka jela. Wale 65 walishtakiwa kwa kifungu cha 226 cha sheria za makosa ya jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Sheria ilichelewa kulitambua hilo, lakini imelitambua: mtu huyo ni mgonjwa, si mhalifu.

La mwisho ni la majirani. Mji wa Kale una sifa ya watu kujuana. Mtu haugui siku tatu bila mtu wa baraza la mbele kuuliza yuko wapi. Lakini siku hizi nyumba nyingi kisiwani zimegawanywa vyumba vya kupangisha, na mwenye chumba cha juu hamjui wa chini. Mgeni asiyejulikana na mtu yeyote ndiye anayetafutwa na makundi haya. Ukimwona kijana mpya kwenye ngazi, msalimie na umwulize kwao ni wapi. Mkaribishe futari, mwite harusini. Usidhani kwamba ni jambo dogo. Walioingia Shakahola wengi wao walianza kwa kukaribishwa na mtu, na huenda baadhi yao wangenusurika kama mtu mwingine angewakaribisha kwanza.

Mwaka wa 2025 makaburi mengine yalifukuliwa katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, eneo la Kwa Binzaro. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, usiikunje habari hii ukaiweka na magazeti ya zamani. Jioni ya leo, kabla hujafunga mlango, mhesabu kila mtu wako. Kama yuko ambaye mwezi umepita hujasikia sauti yake, mpigie simu. Usimhubirie. Mwulize tu kama amekula.